Mikono Kichwani

Juzi mtoto wa jirani alisimama mlangoni kwangu na kitabu chake cha shule, amekishika kwa mikono miwili, adabu tupu. "Mama, mwalimu alisema tutafute wazo kubwa ya shairi, na tupige mustari mwekundu chini ya mafumbo. Unisaidie." Shairi lenyewe lilikuwa la mvua. Nikamwambia mvua ni mvua, itamlowesha akisimama hapo, arudi kwao. Akaondoka ameduwaa, maana mtaa huu mzima mimi ndiye ninayejulikana kwa kusoma, na watoto wakikwama wanatumwa kwangu. Baadaye nilisikia mama yake akiniteta uani. Anitete tu.

Ule mstari mwekundu ndio ulioniudhi. Nilipofunga mlango niliisikia harufu ya chaki nyekundu ya darasa la nne, ile iliyokuwa ikilowa jasho mkononi mwa mwalimu na kunuka kutu, na siku yangu ikaharibika. Wenzangu wa rika langu, mliosoma shule za kampuni ya madini mjini Likasi enzi za Guide, rais wetu wa wakati ule, mnaijua harufu hiyo. Mlitoka nayo salama, nadhani. Sisi nyumbani kwetu hatukutoka nayo salama.

Tulikaa mtaa wa Panda, kwenye nyumba ya kampuni. Baba alikuwa kiwandani, na king'ora kilichomwita yeye kilituamsha sisi sote. Nyumba ilikuwa yetu kwa sababu Baba alikuwa na kazi, na siku kazi ingeisha, nyumba ingeisha nayo, na bomba la maji, na unga, na shule. Mtoto wa Panda alilijua hilo kabla hajajua kujifunga viatu. Tulipopiga kelele mchana, Mama alisema, "Mupige tu makelele, batufukuze, tulale mu barabara." Tulinyamaza mara moja.

Tulikaa na Kaku, mama yake Baba. Kaku ndivyo Waluba wa Kasai wanavyomwita bibi. Alikuja Katanga msichana mbichi, kwa treni, akimfuata mume aliyeandikwa kazi ya mgodi, na mume alipokufa akabaki na watoto wake na ulimi wake. Ulimi ule ulikuwa mali. Kaku hakusema jambo moja kwa moja hata siku moja. Chumvi ikizidi kwenye mboga, alimwuliza Mama ni nani aliyeilia sufuria machozi. Baba akichelewa kurudi, alisema jua limefika nyumbani kabla ya mwenye nyumba. Mimi nilikua nadhani ndivyo watu wote wazima wanavyoongea.

Kwa hiyo Mwalimu Mumba alipoanza kutufundisha mashairi, niliona raha ya ajabu. Alikuwa kijana, suruali yake ina mstari wa pasi, na alitembea darasani ameshika fimbo nyuma ya mgongo. "Poème iko na ngozi, iko na moyo," alituambia. "Ngozi njo mafumbo. Moyo njo wazo kubwa. Mutoto wa akili anapasua ngozi, anafika ku moyo." Kisha aliandika mistari ubaoni, akatuita mmoja mmoja tupige mstari mwekundu chini ya fumbo na kusema moyo wa shairi uko wapi. Aliyeshindwa alipiga magoti kwenye sanduku la kokoto lililokuwa pembeni ya ubao. Kokoto nyeupe za machimbo ya Kakontwe, zenye ncha. Alikaa hapo mpaka mwingine ashindwe na kumpokea, na sisi tuliobaki kwenye madawati tuliomba mwenzetu asipate jibu, ilimradi tusiwe sisi. Mwalimu aliita hilo mashindano.

Mimi sikupiga magoti. Akisema "macho ya mama ni taa," nilijua kabla hajamaliza kwamba hapo hakuna taa. Alinipenda kwa hilo. Nami nilimpenda, nisidanganye, nilimpenda kuliko Baba.

Mwaka ule ule alikufa baba yangu mdogo, kitinda mimba wa Kaku. Alikuwa mvunja mawe wa kibarua huko Kakontwe, mtu asiye na mke wala kiti chake mwenyewe. Akija kwetu Jumapili alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Watu walimcheka kwa viatu vyake. Baba mwenyewe alimwambia mbele yetu, "Weye utakufa bila jina." Homa ikamshika, haikumaliza wiki, akafa.

Na kwenye kilio chake nikaona jambo ambalo kichwa changu cha kitoto kilishindwa kulipanga. Kaku alinyoa nywele, akafunga kaniki nyeusi, akasimama katikati ya wanawake waliokaa chini, akaweka mikono kichwani na kuanza kasala. Kasala ni wimbo wa sifa wa kwao. Mtu anaitwa kwa majina ya mababu zake na kwa majina ya vitu vikubwa. Yule mkaa ndooni akaitwa mti wa kivuli. Akaitwa moto wa jiko letu, akaitwa njia ya kwenda kisimani. Wanawake waliitikia, wanaume wakajifuta macho, watu wakavua hata vitambaa vya kichwa wakamtandikia Kaku apite juu yake. Mpishi mkuu wa kantini ya kampuni, mtu mnene wa kuheshimiwa, aliinama mbele ya jeneza la mtu ambaye hakuwahi kumsalimia.

Nikahitimisha kwamba hivi ndivyo mtu anavyofanywa kuwa mkubwa. Nilidhani kulia ni sehemu ya sifa, na kwamba kadiri watu wanavyolia ndivyo mtu anavyokuwa mkubwa zaidi. Hakuna aliyenieleza vingine, na nani angefikiri mtoto anahitaji kuelezwa hilo?

Miezi ikapita. Kaku alikuwa bado amevaa kaniki yake, maana matanga ya mtoto hayavuliwi haraka, wakati Mwalimu Mumba alipotangaza kwamba wageni wa Chama, chama cha Guide, wangekuja shuleni. Kila mmoja wetu aandike shairi la kumsifu Guide, kwa Kiswahili, kwa sababu wageni walitaka kusikia lugha ya wananchi. Shairi litakaloshinda litasomwa uwanjani mbele ya wazazi. Wenzangu waliandika kwamba Guide ni jua na Guide ni simba, maana hayo yalikuwa kwenye nyimbo za redio. Mimi niliona aibu kumpa mtu mkubwa vile maneno yaliyokwisha kutumika. Nikampa yale mazuri kuliko yote niliyoyajua:

*Wewe mti wa kivuli, ndege wanakujua.*
*Wewe moto wa jiko letu, usiku unakuogopa.*
*Wewe njia ya kwenda kisimani, miguu yetu inakutafuta.*

Mwalimu Mumba alisoma, akachukua kalamu nyekundu, akapiga mistari. Fumbo, fumbo, fumbo. Akaliita darasa litazame. "Mumeona? Huyu alipasua ngozi." Hakuuliza moyo wa shairi uko wapi. Mtu aliyewatoa watoto damu magotini kwa ajili ya wazo kubwa, siku ile aliona mafumbo yake yamejaa ukurasa, akatosheka. Alinikanya jambo moja tu. "Usisome sawa kiti. Usome na mwili yote, bantu basikie mu roho."

Jioni nikamfuata Kaku uani. Alikuwa anachekecha unga wa muhogo, nikachuchumaa karibu yake. Nilitaka kumshangaza siku yenyewe, kwa hiyo sikumwambia ni kwa ajili ya nini.

"Kaku, ukitaka bantu basikie mu roho, unafanya namna gani?"

"Mikono ku kichwa," akasema bila kuinua macho. "Na usimusifu tu, Mamu. Umuulize. Muntu mukubwa anaulizwa sababu gani anatuacha."

Mamu ndivyo alivyoniita akiwa na furaha. Akaendelea na chekeche lake, na unga ukamkaa kwenye nyusi.

Siku ilifika. Uwanja wa shule ulifagiliwa tangu asubuhi, wazazi wamepangwa pembeni, akina mama wa Panda na wengine kutoka mtaa wa Kikula, na wageni wa Chama wamekaa mbele chini ya turubai. Mkubwa wao alivaa miwani na abakosti, lile koti lao lisilo na tai. Kaku alisimama nyuma kabisa, kwa sababu ya nguo yake nyeusi. Nikaitwa. Nikasimama. Niliweka mikono kichwani, nikayumba kidogo kama alivyoyumba yeye, na nikaanza kwa sauti yake, ile inayopanda halafu inavunjika.

Nilisoma mistari mitatu ya daftari. Halafu nikauliza, maana mtu mkubwa anaulizwa. "Wewe mti wa kivuli, ndege walale wapi? Wewe moto wa jiko letu, nani amekumwagia maji? Wewe njia ya kisimani, majani yamekufunika. Simama utazame watoto wako, wamebaki nje peke yao."

Mwanamke mmoja akaitikia. Sijui ni nani hadi leo. Alitoa ule mwito wa kilio, mrefu, na pembeni yake mwingine akaupokea, na mwingine, wakaweka mikono vichwani hao wote, akina mama wazima wenye watoto wao waliozikwa na waume zao waliopotea. Walikuwa wamesikia sauti inayowafungulia mlango, wakaingia bila kutazama ni nyumba ya nani. Wengine walikaa chini kwenye vumbi. Mimi nilijawa na furaha. Nilikuwa nimewaliza watu, na machoni pangu Guide alikuwa mkubwa kuliko siku zote.

Yule mwenye miwani akanyanyua mkono. Hakufoka. Aliuliza taratibu, "Nani alikufa?"

Kilio kikakatika. Walioketi chini wakaanza kusimama, wakijipangusa vumbi, wakitazama pembeni. Nilimwona Mwalimu Mumba akija mbele, na shati lake limelowa mgongoni. Nilidhani anakuja kunipongeza.

"Mutoto," akasema, kwa sauti ile ile ya darasani, "wazo kubwa ya poème yako ni nini?"

"Ukubwa, Mwalimu."

"Ukubwa ya nani?"

"Ya Guide."

"Na ile mikono ku kichwa?"

"Njo vile Kaku anafanyaka."

"Anafanyaka wapi?"

"Ku kilio."

Nilijibu haraka, kidevu juu, kama mwanafunzi anayejua. Kila jibu lilikuwa sahihi. Mwalimu Mumba akamgeukia mgeni, akaunganisha viganja vyake. "Chef, mutoto hana kosa. Balimufundisha ku nyumba."

Wapo watu Likasi waliosema baadaye kwamba aliniokoa. Ndiyo, aliniokoa. Alinyoosha fimbo yake kule nyuma, kwenye kaniki nyeusi, na watu waliokuwa karibu na Kaku wakasogea kando hadi akabaki peke yake. Alikuwa hajaelewa. Alikuwa ananitazama mimi, anatabasamu, machozi bado yako mashavuni, maana nilikuwa nimeimba vizuri.

Kesho yake Mwalimu aliandika mistari yangu ubaoni, akaliambia darasa litafute wazo kubwa. Wote walisema "kifo," mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja aliambiwa akae. Nilipofikiwa nilisema "ukubwa." Akaniuliza tena. Nikasema "ukubwa." Nikapiga magoti kwenye kokoto, na kwa kuwa hakuna aliyeshindwa baada yangu, hakuna aliyenipokea. Nilifikiria kwamba huenda mawe yale aliyavunja baba mdogo kwa mkono wake. Nilimchukia Mwalimu siku hiyo, na chuki hiyo ninayo mpaka leo, haijapungua hata kidogo, na wala siombi ipungue.

Wiki hiyo Baba aliitwa na Chama. Alirudi bado amevaa nguo za kazi, akakaa kwenye ndoo ya baba mdogo badala ya kiti chake, na nilijua hapo hapo kwamba mambo yameharibika. Aliongea na Kaku kwa Kiluba cha Kasai, taratibu, akitazama viatu vyake. Chama kilitaka mama huyu anayejua kulia ajue pia kufurahi. Angeingia kwenye animasio, lile kundi la akina mama waliocheza na kuimba sifa za Guide kila Jumamosi uwanjani. Angevua kaniki. Angevaa kitenge chenye sura ya Guide. Akikataa, Baba atoke kazini na kwenye nyumba.

Nilingoja Kaku atoe fumbo, kubwa, la kuwafunga midomo wote. Aliuliza tu, "Batoto balale wapi?" Kaku akaingia ndani, akatoka na kaniki yake ameikunja, akampa Mama aiweke.

Baba mwenyewe ndiye aliyempeleka, kwa sababu waliagiza apelekwe na mwanawe. Walimweka mstari wa mbele. Mwenye miwani alisema kwenye kipaza sauti, "Muzee akae mbele, yeye njo anajua kuimba," na watu wakacheka, wengi wao walewale waliolia naye. Kichwa chake kilikuwa bado hakijaota nywele za kutosha. Asipotabasamu, kundi zima lilirudia wimbo tangu mwanzo, juani, kwa hiyo wenzake walimfinya viuno na kumwambia kwa meno, "Cheka, mama, tunachoka." Akacheka. Sura ya Guide ilikuwa imechapwa kifuani na makalioni, na kila Kaku alipotikisa mwili, Guide naye alitikisika. Watoto wa shule tulisimamishwa kutazama. Nilitazama Jumamosi zote.

Kwenye vilio hakuitwa tena. Watu waliogopa, na wengine waliona kinyaa. Akafa jirani yetu wa nyumba ya pili, Mluba mwenzetu, na Kaku akajifunga kitambaa akaenda bila kuitwa. Wanawake walimpa nafasi. Alipoinua mikono, mkwe wa marehemu alimjia, akainama kwa heshima zote. "Kaku, mukae tu. Musiimbe." Kaku akaishusha mikono. Akakaa mpaka chakula, akala kidogo, akarudi. Tangu hapo hata nyumbani hakusema fumbo. Chumvi ikizidi alisema, "Chumvi imezidi." Mama alilia jikoni kwa sentensi hiyo. Mimi sikupata nafasi ya kumwomba msamaha kwa sababu hakuniruhusu niianze habari hiyo. Nikikaribia, alinituma maji.

Alipokufa nilikuwa nimeshakuwa msichana. Guide alikuwa bado ukutani kwenye kila ofisi, na Baba alikuwa bado na kazi na nyumba. Tulimlia kwa sauti ya chini, mlango umefungwa nusu. Pale kaburini nilikuwa bado ninayo kasala yote kichwani: majina ya mababu, mito ya kwao, vijiji ambavyo sikuwahi kuviona. Niliinua mikono. Sijafungua mdomo sawasawa, Baba akanifunika kwa kiganja chake, kwa nguvu, hadi jino likanikata mdomo. Kiganja kilinuka grisi ya mashine. Akanishika hivyo mpaka udongo ukajaa, na machozi yake yakanidondokea shingoni.

Miaka mingi baadaye, kampuni ikiwa imebaki kuta na king'ora kisicholia, redio ilisema kwamba Guide amefia nchi za mbali alikokimbilia. Nilikuwa nimekwenda kumtembelea Baba. Alikuwa mzee sasa, ameketi barazani kwenye nyumba ile ile iliyotugharimu, isiyokuwa tena na maji. Alisikiliza mpaka mwisho, akaizima redio.

"Simama," akaniambia. "Usome ile récitation yako. Leo iko mahali yake. Hakuna muntu atakukamata."

Nilidhani ananitania, lakini hakuwa anatania. Nikasimama, nikaweka mikono kichwani, mwanamke mzima. Nikasema mti wa kivuli, na moto wa jiko, na njia ya kisimani iliyofunikwa na majani, na watoto waliobaki nje peke yao.

"Endelea," Baba akasema.

Nilitafuta. Nilitafuta babu wa kwanza, mto wa kwanza. Hapakuwa na kitu.

"Njo yote, Baba."

"Mama yangu alikuwa anaimba mpaka jua linaingia."

"Najua. Minye nimebaki na hii tu. Njo ile niliyopeleka kwa Guide."

Baba akaniomba nimpe mkono asimame, akaingia ndani, akafunga mlango.